Nikicheka Mkojo Unanitoka: Je, Simu Inaweza Kunitibu?

Shikamoo Bi Somo,

Naomba usilitaje jina langu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Korogwe, nina miaka 36 na watoto watatu. Wa mwisho alizaliwa na kilo 4.2, nikachanika msamba nikashonwa, na tangu siku ile mkojo haunitii. Mtoto sasa ana miaka miwili na nusu.

Si kwamba unatoka saa zote. Usiku nalala mkavu. Ila nikikohoa, nikipiga chafya, nikiinua ndoo ya maji, nikicheka kwa nguvu, unanitoka. Balaa kubwa ni asubuhi. Shuleni kwetu watoto wanakimbia mchakamchaka na mwalimu wa zamu anakimbia nao. Mwezi wa pili zamu iliniangukia. Tulipofika uwanjani nilikuwa nimelowa mpaka magotini. Nikaenda bombani nikajimwagia maji makusudi, nikawaambia watoto bomba limenirukia. Wakacheka, nami ikabidi nicheke, na nilipocheka ukatoka tena.

Tangu hapo navaa pedi kila siku na kanga ndani ya gauni. Kazini sinywi maji mpaka narudi nyumbani. Harusini sikai mkekani na wenzangu, nasimama mlangoni. Swala nayo imekuwa mtihani: natia udhu, nikiinuka kutoka kwenye sijida nahisi kitu, narudi bombani upya. Mume wangu ni mtu mwema lakini amenuna, anaona namkwepa usiku. Kweli namkwepa, kwa kuwa naogopa nisije nikaaibika kitandani.

Zahanati nimekwenda mara tatu, na mara zote tatu niliandikiwa dawa za UTI bila kupimwa mkojo. Dozi nimemaliza, hali ni ile ile.

Sasa shoga yangu kaniingiza kwenye kundi la WhatsApp. Humo kuna mtu anasema ni daktari, anatibu kwa simu. Unamtumia 85,000, anakutumia tembe za kubana, na unampigia video ukiwa umevua ili akuone. Dada mwingine wa humo humo akasema yeye kapona kwa programu ya mazoezi aliyoipakua kwenye simu, hakuonana na mtu yeyote. Nimebaki njia panda. Kweli ugonjwa wa huku chini unatibika kwa simu? Na je, nimvulie mtu nguo mbele ya kamera?

Mwanao,
Mwalimu wa Korogwe

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na lile la mwisho, lisije likakupita. Usimvulie. Wala usitume hiyo 85,000, hata kama keshakupigia mara mbili kukuhimiza. Ukishanielewa hapo, tukae tuzungumze, kwani swali lako la kwanza ni zuri na jibu lake ni ndiyo: kwa aina hii ya kuvuja uliyonieleza, simu inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi. Ila kuna hatua moja ambayo haiwezi kukufanyia.

Nilikaa wodi ya wazazi miaka 31. Wanawake waliokuwa wakivuja nimewaona wengi mno, na karibu wote waliniambia wakiwa wamesimama mlangoni tayari kuondoka, baada ya kumaliza kusema habari za mtoto. "Halafu Sista, kuna kitu kingine kidogo..." Kidogo hicho wamekibeba miaka mitano, kumi. Wewe umekibeba miwili na nusu, na umekiandika wazi kuliko wengi wanavyoweza kukisema. Umenirahisishia.

Hicho ulicho nacho ni mkojo unaotoka kwa msukumo. Kule chini ya kibofu, uke na njia ya haja kubwa kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele mpaka mkiani. Umewahi kulalia kitanda cha kamba, kile tunachokiita teremka tukaze? Kamba zikiwa zimekaza, godoro linakaa juu. Zikilegea, linabonyea katikati. Misuli hiyo ndiyo kamba zako. Mimba inailemea miezi tisa, mtoto wa kilo 4.2 anaivuta akipita, na ukichanika inaumia. Ukikohoa, tumbo linasukuma kibofu kwa ghafla. Misuli iliyokaza inaubana mrija wa mkojo kwa wakati, iliyolegea inachelewa. Basi. Hakuna kidudu hapo cha kuuawa, ndiyo maana zile dawa za UTI hazikukusaidia.

Na jina lenyewe la kitanda linakuambia cha kufanya: unateremka, unakaza. Kamba hukazwa kwa mazoezi. Siyo maneno ya mtaani haya. Mwaka 2018 shirika la Cochrane lilikusanya tafiti zilizokwishafanyika juu ya mazoezi hayo, likakuta kwamba kwa wanawake wenye tatizo kama lako, 56 katika kila 100 waliofanya mazoezi walisema wamepona. Kwa wale ambao hawakufanya chochote, ni 6 tu katika 100. Ukikuta programu imeandika "Kegel" usishtuke, ni jina la Arnold Kegel, daktari wa Kimarekani aliyeyaandikia mazoezi haya mwaka 1948.

Sasa tuje kwenye simu. Huko Sweden, watu wa Chuo Kikuu cha Umeå walitengeneza programu ya simu inayoitwa Tät kwa ajili ya shida hii hii. Kati ya mwaka 2013 na 2014 waliwapata kupitia tovuti yao wanawake 123 waliokuwa wakivuja angalau mara moja kwa wiki. Nusu wakapewa programu, nusu wakaambiwa wasubiri kwanza. Baada ya miezi mitatu, wenye programu walikuwa wanavuja kidogo kuliko wale wengine, na pedi walizotumia zilikuwa chache. Programu yenyewe haina maajabu: inakueleza misuli iko wapi, inakupangia mazoezi, inakukumbusha, inakuwekea hesabu. Kwa hiyo dada wa kundini huenda kasema kweli tupu.

Lakini wale walikuwa wanawake walioulizwa maswali kwanza kabla ya kuingizwa. Na kuna utafiti mwingine, wa zamani kidogo, ambao mimi siusahau. Ulifanyika Marekani mwaka 1991. Wanawake 47 walielezwa kwa mdomo tu jinsi ya kubana, kisha wakapimwa. Waliobana sawasawa hawakufika hata nusu, na robo yao walikuwa wanasukuma kwa namna ambayo ingeweza hata kuwaongezea kuvuja. Robo nzima! Mtu anajitahidi kila siku, kumbe anazilegeza kamba.

Hapo ndipo simu inapofika mwisho wake. Haina kidole, haikugusi ikakwambia "siyo hapo, mwanangu, umebana makalio." Kwa hiyo nakuomba uende kwa mtu mara moja, ana kwa ana, kabla ya yote. Usirudi kusema "nina UTI." Sema hivi: "Tangu nijifungue mkojo unanitoka nikikohoa na nikiinua mzigo, usiku sivuji, nataka nipimwe mkojo, nipimwe sukari, na niangaliwe misuli ya nyonga." Ukisema hivyo hata mhudumu mwenye haraka atainua kichwa. Ukitaka mwanamke, omba mwanamke, ni haki yako. Mkunga mzoefu anaweza kukuangalia, daktari wa magonjwa ya wanawake pia, na hospitali ya rufaa ukibahatika utampata mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea mambo ya wanawake. Hao ni wachache, ndiyo maana simu ina maana kwetu kuliko hata kwa Waswidi: ukishaangaliwa mara moja, yanayofuata unaweza kuyafanya ukiwa Korogwe, na mtaalamu akawa Dar au Moshi anakufuatilia kwa simu kila baada ya wiki mbili tatu, nauli ikabaki mfukoni.

Ukishakubaliwa, zoezi ni hili. Jifungie chumbani, lala chali, kunja magoti. Jifanye unazuia upepo usitoke mbele za watu, na papo hapo unazuia mkojo. Vuta kwenda ndani na juu, kama unanyonya kitu. Tumbo liache, mapaja yaache, makalio yaache, na pumua. Ukijikuta umeziba pumzi umekosea. Shika sekunde tatu, achia kabisa, pumzika kiasi kile kile. Kuachia ni sehemu ya zoezi, watu wengi wanaisahau. Fanya mara 8, kisha bana na kuachia haraka haraka mara chache. Hivyo asubuhi, mchana na usiku, na wiki zikienda uongeze mpaka ufike sekunde kumi. Chukua kioo kidogo cha mkono ujitazame: msamba unapaswa kuingia ndani na kupanda. Ukiona unatokeza nje kama mtu anayesukuma choo, acha, rudi kwa mkunga akuelekeze tena.

Usizoee kufanya zoezi hili katikati ya kukojoa. Kujaribu mara moja kuijua misuli haina neno, ila kuukatisha mkojo kila siku kunakifundisha kibofu tabia mbaya.

Kuna jingine dogo ambalo wanawake wengi huliona faida yake mapema. Bana kabla. Chafya ikikujia puani, bana kwanza ndipo upige. Kabla ya kuinua ndoo, bana, inua huku unatoa pumzi, usizibe. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, mwanangu, na kamba zimelegea. Kwa sasa jaza nusu, nenda mara mbili. Kabla ya kuinuka kutoka sijida, bana.

Usitarajie kitu wiki ya pili. Hesabu wiki 12 kamili, kila siku, hata siku unayojisikia umepona. Wengi hukata tamaa wiki ya nne au ya tano, na hapo ndipo kengele ya simu inapomshinda kungwi. Mimi nilifundishwa kubana na aliyenicheza, nikiwa mwali, lakini aliniambia ni kwa ajili ya mume tu. Hakunikumbusha tena. Simu inakumbusha mara tatu kwa siku wala haichoki.

Kabla hujaenda kwa mtaalamu au kuongea naye kwa video, mwandalie daftari la siku tatu. Wewe ni mwalimu, daftari halikushindi. Tafuta kikombe cha plastiki chenye mistari ya kupimia uwe unakojolea humo nyumbani. Andika saa, ulichokunywa, mkojo kiasi gani, umevuja au hukuvuja na ulikuwa unafanya nini. "Saa 12:15 asubuhi, chai kikombe 1. Saa 1 kasoro, mchakamchaka, nimelowesha pedi. Saa 4, chooni, mililita 150." Piga picha kurasa hizo umtumie. Kwa mtu anayekutibu kwa mbali, kurasa hizo zina thamani kuliko mwili wako mbele ya kamera, na ndiyo tofauti utakayomtambulia mtaalamu wa kweli. Huyo ataanza kukuuliza: umezaa mara ngapi, unakunywa nini, unapata choo vizuri, kuna maumivu? Zoezi atakuonyesha kwa mchoro au kwa kiganja chake, wewe umevaa dira lako umejilaza kitandani. Akiona haja ya kukuangalia huko chini atakuelekeza kituo cha afya. Atakupa jina lake kamili na namba ya usajili bila kununa.

Anayeanza na "vua" na "tuma kwanza" si tabibu. Picha ya namna hiyo ikishatoka kwenye simu yako huna tena mamlaka nayo, na wapo wanawake wanaotishiwa kwa picha kama hizo mpaka wanauza vitu vya ndani kulipa. Kama kuna yeyote anayesoma hapa na keshatuma, usilipe hata senti, usifute mazungumzo, nenda polisi kwenye dawati la jinsia. Hukufanya kosa lolote, ulikuwa unatafuta matibabu.

Hizo tembe za kubana nazo, achana nazo. Hakuna kidonge kinachokaza misuli ile. Shabu na majani ya kujiweka pia yanakausha na kuchubua ngozi, misuli haijui kama kuna kitu kimewekwa. Usitie kitu humo ndani.

Kwenye programu, nayo soma kabla hujajaza. Ukiona inataka majina ya watu wote kwenye simu yako, au mahali ulipo, jiulize mazoezi ya nyonga yana uhusiano gani na hayo. Mwaka 2021 kampuni moja ya programu ya kuhesabu hedhi ilibidi iafikiane na tume ya biashara ya Marekani baada ya kutuhumiwa kuwapa wengine taarifa za watumiaji wake. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya yako zinalindwa humo. Lakini ulinzi wa kwanza ni wewe: weka nywila kwenye simu, usitumie ya shule wala ya mtoto. Programu ya Tät ina toleo la Kiingereza, na wewe Kiingereza unakifundisha.

Maji kunywa. Hilo nakuamuru, si ushauri. Kujinyima maji kunaufanya mkojo uwe mkali, kibofu kinawashwa, na kukosa choo kunaanza. Ukikamua choo kila asubuhi unazilegeza kamba zile zile unazozikaza. Gawanya glasi 6 mpaka 8 kwa siku nzima, chai na kahawa punguza. Kama mwili umeongezeka, kupungua kidogo tu kunasaidia: kwenye utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2009, wanawake wanene waliopungua kiasi cha asilimia 8 ya uzito wao, kuvuja kwao kulipungua karibu nusu.

Kuhusu swala, mimi si mwanachuoni, na fatwa sitoi. Ninachojua ni kwamba dini haikumfungia mlango mwenye udhuru. Anayetokwa mfululizo hujisafisha, hujifunga, hutia udhu wakati wa swala ukishaingia, akaswali. Wewe hutokwi mfululizo, kwa hiyo hukumu yako huenda ikawa nyingine. Tafuta ustadhati mwenye elimu umueleze kama ulivyonieleza mimi. Utashangaa ni wangapi wamekwishamuuliza.

Na mume? Amenuna kwa sababu hajui, na mtu asiyejua hujaza mwenyewe, mara nyingi kwa ubaya. Usimwambie kitandani. Mwambie mchana mkiwa mnafanya kazi mikono ina shughuli, mnachambua maharage au mnakunja nguo: "Tangu tumzae mdogo, misuli yangu ililegea, mkojo unanitoka nikikohoa. Ndiyo maana nakukimbia. Nimeanza matibabu ya miezi mitatu." Sema "tangu tumzae," kwa kuwa mlimzaa wote. Usiku, nenda chooni kabla, tandika kanga nene, na hata kikitoka kitu, kitafuliwa.

Sasa niwageukie wengine mnaosoma barua ya mwalimu mkadhani yenu ni hiyo hiyo. Kuna anayevuja kwa sababu nyingine: akisikia bomba linatiririka tu, au akiingiza ufunguo mlangoni, anabanwa ghafla na hafiki chooni. Huyo anahitaji pia kukifundisha kibofu kusubiri, dakika tano, kisha kumi, angalau wiki sita, na simu inamfaa kwa kuhesabu. Lakini ukiona damu kwenye mkojo, homa na maumivu ya kiuno, nyama inatokeza ukeni, miguu imekufa ganzi, umeshindwa kabisa kukojoa, au una kiu isiyokwisha na mkojo mwingi, weka simu chini uende hospitali.

Na wewe uliyejifungua kwa uchungu wa siku mbili tatu, au ukapasuliwa, ukaamka unachuruzika mchana na usiku bila kukohoa wala kucheka: huo si ulegevu wa misuli, hiyo ni fistula, tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayalizibi. Linazibwa kwa kushonwa. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam inashona fistula bila malipo, na tangu mwaka 2009 imekuwa ikiwatumia wagonjwa wa mikoani nauli kwa M-Pesa ili wafike. Kenya iko hospitali ya Gynocare mjini Eldoret. Bukavu ipo Panzi, ya Daktari Denis Mukwege. Kwa mwanamke wa fistula, simu nzuri ni ile inayomtoa nyumbani ikamfikisha kwa daktari.

Turudi kwako, mwalimu. Zamu yako ya mchakamchaka ikifika kabla ya wiki 12 kwisha, mwambie mwalimu mkuu au matroni kwamba daktari amekukataza kukimbia kwa muda, ukae uwanjani uwahesabu watoto wanapoingia. Huhitaji kusema zaidi ya hapo. Daftari la siku tatu lianze kesho asubuhi na chai ya kwanza. Ukitoka kuangaliwa niandikie aliyekupima amesema umebana sawasawa au unasukuma, ili nijue tunaanzia wapi.

Wako,
Bi Somo